Mji Uliolisubiri Ziwa

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara uliyahesabu maji kabla ya kuzihesabu siku. Kutoka pwani hadi Ugogo, kwa sehemu kubwa ya njia, palikuwa na mito na vijito, na palipokosekana mto palikuwa na watu wenye visima vyao, waliolipwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla mgeni hajaruhusiwa kuteka. Baada ya Ugogo ilianza Mgunda Mkali: pori la miiba na majabali, mwendo wa siku nyingi, vijiji vya kuhesabika, na maji ya kutegemea madimbwi yaliyoachwa na mvua. Dimbwi likikauka, msafara mzima uko hatarini. Wapagazi walilivuka pori hilo kwa kuterekeza. Walikaa kivulini jua lilipokuwa kali, wakaondoka alasiri na vibuyu vilivyojaa, wakatembea mpaka giza likaingia, wakalala bila maji, na alfajiri wakaamka kukifuata kisima kilichokuwa mbele. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70, na kibuyu kilikuwa juu ya hapo.

Ng'ambo ya pori, kituo cha kwanza cha Unyamwezi kilikuwa Tura. Hapo kirangozi, kiongozi wa msafara, alivaa mapambo yake, ngoma ikapigwa, bunduki zikalia, kwa sababu waliofika walikuwa wamepona kiu. Baada ya Tura ilikuja Rubuga, kisha Kigwa, kisha Unyanyembe. Tura na Kigwa zipo hadi leo, ndani ya wilaya ya Uyui, wilaya inayopakana na Manispaa ya Tabora na yenye makao makuu Isikizya, kaskazini mwa mji, kwenye barabara iendayo Nzega. Nayaandika majina haya kwa makusudi. Historia ya njia ya misafara husimuliwa kwa majina ya wageni waliopita, ilhali vijiji vilivyowanywesha wageni hao bado vina wenyeji, na kwa kizazi baada ya kizazi wenyeji hao wameendelea kutafuta maji.

Unyanyembe haikuwa na mto wa kudumu. Ilikuwa na mbuga: mabonde mapana ya udongo mweusi ambamo mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili hutuama, na ambamo hata kiangazi mtu akichimba shimo fupi huyakuta maji. Hayo ndiyo yaliyowakalisha wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walioijenga Kazeh, Tabora ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Walichimba visima, wakalima mpunga mbugani, wakapanda ngano na vitunguu, wakaotesha miembe na mipapai kuzunguka tembe zao. Kutoka hapo njia iligawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini kwenda Ufipa. Mpagazi aliyefika alikuwa ameshatembea zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani, na Ujiji ilikuwa bado mbele kiasi cha kilomita 400. Pembe, watumwa, nguo na shanga vilipita Unyanyembe. Watu walitulia Unyanyembe. Walitulia kwa sababu walipata chakula, kivuli na maji.

Katika nchi ya namna hii mtawala hupimwa kwa maji. Mtemi wa Wanyamwezi alikuwa mlinzi wa mvua kabla ya kuwa kiongozi wa vita. Mvua ikichelewa, watu walimtazama yeye: je, matambiko yamefanyika, je, mizimu ya watangulizi wake imekumbukwa? Mtemi Fundikira alitawala Unyanyembe wakati wa kustawi kwa Kazeh, na ukoo wake uliungana na wageni kwa ndoa. Binti yake Karunde aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliyekuwa na makazi Ituru karibu na hapo. Mgeni alileta bidhaa, mtemi alikuwa na ardhi na mvua. Mapatano hayo yalidumu muda mfupi tu.

Tarehe 7 Novemba 1857 waliingia Kazeh Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakapokelewa kwa ukarimu na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Ni yeye aliyewaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa jingine, kubwa kuliko lile la Ujiji walilokuwa wakilitafuta. Wafanyabiashara walilijua, na watu wa pembezoni mwake walikuwa wakilivua tangu enzi. Baada ya kurudi kutoka Ujiji, Burton akiwa mgonjwa alibaki Kazeh, na mwezi Julai 1858 Speke akaondoka na watu wachache, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, kuelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti walisimama juu ya kilima karibu na Mwanza wakalitazama ziwa. Tarehe 25 mwezi huohuo walikuwa wamerudi Kazeh. Speke aliliita ziwa hilo kwa jina la malkia wake, akaenda Ulaya kubishana juu ya chanzo cha mto Nile.

Kwa wasomaji wa Ulaya safari hiyo ilikuwa habari ya Nile. Kwa mtu wa Tabora ina maana ya karibu zaidi. Ilionyesha kwa hesabu ya siku kwamba kati ya mji wenye kiu na maji yasiyokwisha kuna majuma machache ya kutembea kwa miguu. Ilichukua zaidi ya miaka 160 maji hayo kuitembea njia hiyo kwa mwelekeo wa kurudi.

Hiyo miaka 160 haikupita kwa utulivu. Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alitaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara, nao wakamng'oa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele akageuka mpiganaji wa porini, na njia ikawa ya hatari kwa miaka. Kisha magharibi akainuka Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka huo alimuua vitani mfanyabiashara wa Kiarabu Khamis bin Abdullah na kuuchoma mji wa Tabora. Henry Morton Stanley, aliyekuwa amewasili mwezi Juni akimtafuta Livingstone, alijifungia Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe na kungoja. Mwaka uliofuata Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Tembe hiyo imejengwa upya, leo ni makumbusho, na Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe ambavyo Tanzania iliviorodhesha mwaka 2006 kwa UNESCO kama urithi unaopendekezwa.

Mtemi Isike, aliyemrithi Mkasiwa, alipigana na Wajerumani katika ngome yake mpaka Januari 1893. Wanajeshi wa Tom von Prince walipoingia, alijilipua ghalani mwa baruti. Pamoja naye ulikwisha utawala uliodai kuwa na mvua mkononi.

Wajerumani walileta reli. Mwaka 1912 treni ilifika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma, na wapagazi wa mbali, waliokuwa wameibeba biashara ya Afrika Mashariki mabegani, wakabaki bila kazi katika muda wa miaka michache. Kwa upande wa maji reli haikupunguza chochote. Injini ya mvuke hunywa kama kundi la ng'ombe, na stesheni bila tangi la maji haikuwa stesheni. Wajerumani pia walikuwa na ndoto kubwa zaidi: kuchimba mfereji kutoka kusini mwa Ziwa Victoria hadi mbuga za Wembere, mashariki mwa Nzega, ili kulima pamba kwa umwagiliaji. Vita vya 1914 vilikatisha mpango huo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliingia Tabora, na baada ya Wabelgiji wakaja Waingereza. Mpango wa Wembere ulisomwa tena na kurudishwa kabatini.

Miongoni mwa watumishi wa reli alikuwapo Clement Gillman, mhandisi aliyeitembea Tanganyika kwa miguu zaidi kuliko karibu kila ofisa wa zama zake. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika. Ukiitazama, kinachovuta macho si mipaka ya majimbo wala makabila. Unaona nukta za watu zilizobanana mahali penye maji ya uhakika, na maeneo makubwa meupe mahali yasipokuwapo. Sehemu kubwa ya magharibi ni nyeupe. Kwangu ramani hiyo ni picha ya kweli zaidi ya njia ya misafara kuliko michoro yote ya wapelelezi, kwa sababu inaonyesha kile ambacho mpagazi alikijua miguuni mwake.

Waingereza wakajenga mabwawa. Tabora ilipata Kazima na baadaye Igombe, bwawa lililozuia mto Igombe kaskazini mwa mji, mto wa msimu ambao maji yake hatimaye huelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa na maji mengi yaliyokaa wazi juu ya ardhi, maji ambayo mtu angeweza kusimama pembeni yake. Hakuna aliyeyajenga kwa ajili ya kusimama pembeni. Yalikuwa akiba, yakapelekwa mjini kwa bomba, na kila kiangazi kilipokuwa kirefu kina kilishuka na mgao ukaanza. Kizazi kizima cha Tabora kimelelewa na ratiba ya mgao, ndoo zilizopangwa foleni alfajiri, na mkokoteni wa madumu unaopita mtaani ukiuza kile ambacho bomba limeshindwa kutoa. Katika kizazi hicho walikuwemo vijana wa Shule ya Tabora, shule aliyosoma Julius Nyerere.

Nyerere aliirithi nchi yenye ziwa kubwa ambalo, kwa karatasi, haikuwa na uhuru wa kulitumia. Mkataba wa 1929 kati ya Misri na Uingereza ulisema kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza kusijengwe kitu chochote kwenye Nile, mito yake wala maziwa yake, kitakachopunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haijifungi na mkataba huo. Msimamo huo ndio msingi wa kila ndoo ya maji ya ziwa inayotekwa leo Shinyanga au Tabora. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400. Lengo halikufikiwa, lakini kipimo kilibaki vichwani mwa watu, na tangu hapo mwanakijiji amekuwa na haki ya kuuliza mita 400 zake ziko wapi.

Kazi iliyofungua njia ilianza katikati ya miaka ya 2000. Kijijini Ihelele, wilaya ya Misungwi, ziwa lilichomekwa bomba. Maji husafishwa hapo, husukumwa hadi kwenye tangi juu ya kilima cha Mabale, na kutoka kileleni hushuka kwa mserereko kuelekea Shinyanga na Kahama. Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi huo mwaka 2009. Misri ilikuwa imelalamika, bomba halikusimama. Kisha ukaja mradi wa pili, kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka India, wa kuyavuta maji hayohayo kusini zaidi hadi Nzega, Igunga na Tabora. Januari 2021 Rais John Magufuli aliuzindua Tabora.

Ukisoma ramani ya bomba hilo, unasoma safari ya Speke kwa kinyume. Maji yanaondoka upande wa ziwa alioufikia, yanapita Nzega, yanaingia Uyui, yanafika katika mji uliokuwa Kazeh. Mto mpya umezaliwa Unyamwezi. Umetengenezwa na watu, unatiririka mchana na usiku, na hakuna anayeuona.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu miji mingine duniani imeyaficha maji yake ikajuta, au imeponea chupuchupu. San Antonio, Texas, ulikuwa na mto uliojikunja katikati ya mji. Septemba 1921 mto huo ulifurika na kuua watu wapatao 50. Wahandisi walishauri kipande kilichojikunja kifunikwe kiwe mtaro wa maji ya mvua. Akina mama wa chama cha kuhifadhi mji, kilichoanzishwa 1924, walisimama kupinga. Mwaka 1929 msanifu Robert Hugman aliwasilisha mchoro wa njia ya miguu kandokando ya maji, yenye ngazi za mawe, madaraja madogo, maduka na miti. Mdororo wa uchumi ukaingia, na ilikuwa mradi wa ajira wa serikali kuu, kati ya 1939 na 1941, uliomaliza kazi. Leo watalii huijua San Antonio kwa njia hiyo ya maji kama wanavyoijua kwa ngome yake ya Alamo. Seoul ilikwenda mbali zaidi. Kijito cha Cheonggyecheon kilifunikwa kwa zege tangu miaka ya 1950, juu yake ikajengwa barabara ya ghorofa. Mwaka 2003 waliibomoa, na mwaka 2005 kijito kilifunguliwa tena kwa urefu unaokaribia kilomita 6. Maji yanayopita hapo sehemu kubwa husukumwa kwa pampu kutoka mto Han. Kwa maneno mengine, watu wa Seoul hutembea jioni kando ya maji ya bomba.

Nyumbani tumeanza kulifikiria jambo hili. Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila jioni inajaa. Nairobi ilipata bustani ya Michuki kando ya mto uliokuwa jalala. Dar es Salaam inajaribu kuliokoa bonde la Msimbazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Katika mipango yake mna bustani ya mji pale Jangwani ambapo mafuriko yameua watu na kubomoa nyumba. Miji hii yote ina maji yaliyoletwa na Mungu. Tabora na Isikizya zina maji yaliyoletwa na watu, kwa hiyo swali lao ni gumu zaidi.

Najua jibu litakalotolewa haraka: mtu aliyebeba ndoo miaka 30 hawezi kuambiwa habari za bustani. Jibu hilo ni la haki, na mtu akitaka kuyamwaga maji safi ya ziwa katika mfereji wa kupendeza mbele ya ofisi wakati kuna kijiji Uyui kinachoteka kisimani pamoja na ng'ombe, nitakuwa wa kwanza kupinga. Lakini historia ya mji huu haikubali kwamba mwenye kiu hana macho. Waliochimba visima vya Kazeh ndio waliopanda miembe. Miembe ya Tabora inasimama kandokando ya barabara, na mingine kama hiyo iko Ujiji ilikokoma njia. Imekuwa kivuli cha wapita njia kwa vizazi, na chini yake watu hupumzika, hufanya biashara, husubiri basi, hutoa posa. Matembezi ya mji huu yalipangwa na miti kwa sababu maji yalikuwa hayaonekani. Sasa miti na maji, sehemu zote mbili za matembezi hayo, vipo kwa wakati mmoja.

Bwawa la Igombe ndipo pa kuanzia. Kwa miongo mingi lilibeba kiu ya mji peke yake. Sasa limepunguziwa mzigo na ziwa, na hatari yake imebadilika: linaweza kusahauliwa, likabaki eneo la kuchoma mkaa, kulimwa mpaka ukingoni na kujaa udongo. Bwawa linalosahauliwa hufa haraka kuliko linalotumika sana. Watu wanaotembea ukingoni mwake jioni, wenye vibanda vya samaki na mishkaki, wanafunzi wanaofundishwa hapo jiografia ya nchi yao, ni walinzi ambao hakuna idara inayoweza kuwaajiri wote.

Na Isikizya ina nafasi ambayo Tabora mjini ilishaipoteza. Ni makao makuu mapya kwa umri, yaliyopangwa wakati nyumba bado ni chache, na kosa la kupanga likifanyika sasa litalipwa kwa fidia baadaye. Mji wa namna hiyo unaweza kuacha bonde lake la maji ya mvua liwe wazi, ukalipanda miti, ukalipa njia ya miguu, ukakusanya maji ya masika katika bwawa dogo badala ya kuyafukuza mtaroni. Maji hayo hayanyang'anyi mtu ndoo. Ni yale yale ya mbugani yaliyowakalisha wa kale.

Sheria tayari imeacha nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Katika maeneo mengi ya nchi, mita hizo 60 huonekana kama ardhi iliyokufa, na kwa kuwa hazina matumizi huvamiwa kimyakimya kwa mashamba ya mboga na baadaye kwa msingi wa nyumba. Kuzunguka Igombe zinatosha safu tatu za miembe na njia ya kupita watu wawili wawili bila kugusana mabega. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Miche hupandwa mvua za kwanza zikishashika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, na mipaka ya viwanja inapaswa kupimwa kabla ya hapo.